Vidonge vya Lowell

Septemba 3, Jumanne
Rafiki yangu Denzil amekufa. Alikufa jana asubuhi ndani ya ambulensi, kabla haijafika barabara kuu. Moyo.

Juzi tu tulianza msimu wa kuchimba mizizi pamoja. Alichimba vizuri. Alikuwa anaimba ovyo, nikamwambia anyamaze, anafukuza hata kindi.

Vesta mkewe anasema aliamka na maumivu ya kifua. Akaweka kidonge chake chini ya ulimi kama alivyofundishwa hospitali. Miguu ikamlegea, akakaa sakafuni jikoni. Wahudumu walipofika walimuuliza kama amemeza dawa ya nguvu za kiume. Akatikisa kichwa. Wakampulizia mdomoni dawa ya moyo, ile ile ya kidonge cha ulimi. Presha ikashuka, haikurudi.

"Shemeji," Vesta ameniuliza, "mtu anakufa, wao wanamuuliza mambo ya chumbani. Ndiyo nini?"

Nimemwambia sijui.

Septemba 5
Tumezika. Mvua tangu alfajiri. Garnet kaka yangu alibeba jeneza mbele yangu na alikuwa anahema kama ng'ombe aliyepandishwa mlima. Naye ana kidonge cha ulimi mfukoni, mwaka wa pili sasa.

Nedra, huyo mke wake mpya, alivaa viatu vyenye visigino makaburini. Visigino vikawa vinazama kwenye udongo. Ana miaka arobaini na tano, Garnet ana sitini na tatu. Sikumsemesha.

Septemba 6
Mvua.

Septemba 7
Mvua imekata. Nimechimba peke yangu. Kiwanda chetu cha mbao kimefungwa, boila ilipasuka, wanasema hadi Novemba. Basi wanaume wote wa bonde hili wako mlimani kwenye jinsengi, mzizi wa dawa. Unautafuta mmea wenye tunda jekundu, unachimba taratibu usikate mikono ya mzizi, unafukia mbegu pale pale ulipotoa. Baba alikuwa anatupiga tukisahau kufukia.

Nimekwenda upande wangu wa mlima. Kila mtu ana upande wake na hamwambii mtu, hata mke. Denzil ndiye peke yake niliyemwonyesha wangu.

Septemba 9, Jumatatu
Nimepeleka mizizi kwa Lowell. Ni yeye anayenunua kwetu sote. Anaipima, anaikausha, inakwenda China.

Dukani walikuwepo Garnet na wengine wa kiwandani wamekaa kwenye ndoo.

"Karibu, mgane," Lowell akasema. "Pole kwa Denzil. Moyo haupigi hodi."

Garnet akanyoosha mkono, Lowell akampa chupa kutoka chini ya meza. Chupa ina picha ya mzizi wenye miguu miwili kama mtu. Hizo chupa nazijua. Nusu ya wanaume wa hapa wanazinunua. Denzil alikuwa nayo.

"Hii si dawa ya hospitali, jamani," Lowell akasema. "Ni mzizi wenu wenyewe, mlionichimbia kwa mikono yenu, umesagwa ukatiwa kwenye kapsuli. Unajua ulikotoka. Hauna madhara."

"Mpe na huyu mgane moja," Ward akasema. Ward ndiye anayeendesha msumeno mkubwa kiwandani.

"Ya nini?" Garnet akasema. "Atafanya na nani, kuku?"

Wakacheka. Na mimi nilicheka. Tangu Opal wangu afe sina haja na mambo hayo, na kuku sina.

Septemba 10
Nimechimba.

Septemba 11
Nimechimba. Mgongo.

Septemba 14
Matunda yamekuwa mekundu kila mahali. Kulungu wamekula kichwa cha nusu ya mimea yangu ya juu. Msimu mbaya kwa mtu anayechimba peke yake. Nikigeuka kumwambia Denzil kitu namkuta hayupo.

Septemba 20
Mvua siku nne mfululizo. Paa linavuja juu ya kitanda. Nimesogeza kitanda.

Septemba 27, Ijumaa
Vesta aliniita. Maharage na mkate wa mahindi mezani, lakini yeye hakula.

"Kaa, shemeji. Nina la kukwambia na sina mwingine wa kumwambia."

Siku ya kifo alikuta chupa ya Lowell kwenye mkoba wa Denzil wa kuchimbia. Hakuijua ni ya nini. Akampa daktari anayepasua maiti. Leo daktari amepiga simu.

Ndani ya kapsuli mzizi hamna. Au upo kidogo wa kutia harufu. Kilichomo ni dawa ya kile kidonge cha bluu cha nguvu za kiume, cha kuandikiwa na daktari, tena imejazwa kuliko daktari yeyote anavyoandika. Hiyo na kidonge cha ulimi havikai mwili mmoja. Vyote viwili vinafungua mishipa. Presha inashuka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani.

"Nikamwambia daktari, mbona yeye mume wangu alisema ni mzizi tu," Vesta akasema. "Akaniuliza, ulikuwa unamsaidia? Nikaona aibu. Nikasema ndiyo, ulimsaidia, ndani ya nusu saa tu. Akasema basi hapo ndipo mngejua. Hakuna mzizi unaomsimamisha mwanaume ndani ya nusu saa."

Nimetafuna mzizi huo tangu nina meno ya utoto. Baba alitafuna, babu alitafuna. Haujawahi kunifanya kitu zaidi ya kuniachia uchungu mdomoni.

"Denzil hakudanganya," Vesta akasema. "Wale wa ambulensi waliuliza dawa. Yeye alijua amekula mzizi alioutoa ardhini mwenyewe. Watu wengine wangesema. Sisi wa hapa tusingesema."

Halafu akaniuliza, "Nani mwingine anakunywa?"

Nilikuwa na jina moja kichwani tu.

Septemba 28
Nimekwenda kwa Garnet asubuhi. Alikuwa anapasua kuni. Nikamwambia yote kama nilivyoambiwa. Hakuacha kupasua.

"Denzil alikuwa mgonjwa," akasema.

"Na wewe?"

"Mimi nina mke."

"Garnet, una kidonge cha ulimi mfukoni. Hicho hicho alichokuwa nacho."

"Miezi miwili sijakigusa."

"Na siku ukikigusa?"

Akasimamisha shoka. "Hobert, nisikilize. Toka masika jogoo alikuwa hapandi mtungi. Unajua mtu anajisikiaje? Ana mke mpya ndani, analala kama gogo. Sasa ninapanda. Wewe unataka nirudi kuwa gogo."

"Mwambie daktari wako. Vesta anasema zipo njia nyingine. Wanaweza kukubadilishia hata hiyo ya moyo."

"Daktari wangu ni yule binti wa akina Hamrick. Nimempakata ana nepi. Nimwambie nini? Mwanangu, mambo yamelala?"

"Mwambie hivyo hivyo."

"Unalala peke yako miaka sita unakuja kunifundisha ya kitandani. Nenda kachimbe."

Nimekwenda kuchimba. Sikupata kitu. Ni yule mwanamke. Mtu mzima anaoa mtoto wa watu, lazima ajikamue hadi afe. Ningekuwa na uwezo ningemrudisha kwao na viatu vyake.

Septemba 30
Mvua.

Oktoba 1
Mvua. Garnet kapita na pikapu yake, hakupiga honi.

Oktoba 5
Majani ya jinsengi yameanza kuwa njano. Wiki mbili hizi ndiyo rahisi kuyaona. Baada ya hapo yanaanguka na mzizi unalala, huoni tena.

Oktoba 6, Jumapili
Nedra amekuja hapa. Peke yake, kwa miguu, amevaa mabuti ya Garnet makubwa. Nilimkaribisha kibarazani. Ndani sikumkaribisha, nyumba ni chafu.

"Shemeji, nduguyo anakunywa nini?"

Hapa hatuulizani. Humwulizi mtu anachimba wapi, humwulizi ana nini mfukoni. Na humwambii mke wa mtu mambo ya mumewe. Nilikaa kimya mpaka nikaona aibu ya kukaa kimya.

Nikamwambia.

Hakulia. Alitazama mikono yake.

"Anafikiri ni mimi nataka," akasema. "Mume wangu wa kwanza alikuwa na nguvu zote za kitandani, shemeji. Alinivunja taya. Garnet nilimpenda kwa sababu ananikatia mkate kabla hajajikatia yeye. Nimemwambia, mimi nataka mtu wa kula naye jioni. Anasema nasema hivyo kwa kumwonea huruma."

Nikaokota tufaha kikapuni, nikalifuta kwa shati.

"Watu mnafikiri nimefuata nini kwa mzee mwenye moyo mbovu? Nyumba ile? Paa lake linavuja kuliko hili lako."

Ni kweli linavuja. Nilimpa tufaha, akaondoka nalo.

Oktoba 9
Nedra kaitupa chupa mtoni. Garnet kanunua nyingine, anaificha. Sasa hawasemezani.

Oktoba 12, Jumamosi
Nimekwenda kwa Lowell mapema kabla ya watu. Nikamuuliza mizizi yetu inakwenda wapi.

"China. Unajua."

"Yote?"

"Yote. Hapa nani ataweza kuinunua?"

"Na hizi kapsuli?"

Akaanza kufuta meza, na meza ilikuwa safi. "Zinakuja kwenye katoni. Kwenye karatasi wameandika mzizi."

"Ulituambia ni mizizi yetu."

"Ni mizizi. Ya mtu mwingine, mlima mwingine. Hobert, mimi nauza tu. Wanaokuja hapa wanaondoka wanatabasamu. Wewe unataka nini, nirudishe huzuni?"

"Denzil hatabasamu."

"Denzil alikuwa na moyo."

"Una chupa ngapi tena?"

Akaendelea kufuta meza. Nimekaa nikamtazama mtu niliyempelekea mizizi tangu baba akiwa hai. Watoto wake walicheza na wangu. Anameza vidonge hivyo hivyo mwenyewe, Ward kaniambia. Nilitaka awe shetani, ingekuwa rahisi. Ni mpumbavu mwenye duka.

Nilirudi na mizizi yangu. Sijui nitamuuzia nani. Hakuna mwingine hapa.

Oktoba 15
Nimemuuzia Lowell. Chakula kimekwisha.

Oktoba 19
Watu wa serikali walikuja dukani wakachukua chupa zenye picha ya mzizi.

Oktoba 22
Dukani kuna chupa mpya. Zina picha ya fahali, kapsuli ni zile zile.

Oktoba 24
Umande umeganda mweupe asubuhi. Mimea mingi imelala. Nikipita nyumbani kwa Garnet namwona Nedra dirishani, ananionyesha mkono kwamba Garnet yuko hai. Ndiyo salamu yetu sasa.

Oktoba 28
Upepo. Mti umeanguka barabarani, tumekata wote, Garnet pia. Alisimama mara tatu kushika kifua akijifanya anafunga kamba ya kiatu. Nilimwambia pumzika. Alisema, "Pumzika wewe, mgane."

Novemba 2, Jumamosi
Naandika yote kabla sijasahau yalivyofuatana.

Asubuhi Nedra alipiga simu. "Shemeji, amekwenda mlimani. Usiku kifua kilimbana, akasema ni tumbo. Na jana jioni alimeza. Nilisikia kifuniko bafuni. Nakuomba umfuate."

Kumfuata mtu upande wake ni kama kuingia chumbani kwake. Watu wamepigwa risasi hapa kwa jambo hilo, na jaji alielewa. Baba alimwonyesha Garnet upande ule akiwa kitandani anakufa. Mimi nilikuwa mlangoni, nikaambiwa nikalete maji.

Nilifuata alama za mabuti kwenye majani yaliyolowa. Zilipita juu ya kijito, zikapanda nyuma ya miamba ambako siku zote nilifikiri hakuna kitu. Nikatokea kwenye bonde dogo lenye mialoni mikubwa. Mimea ilikuwa imeanza kulala lakini mashina bado yalikuwa yamesimama, njano, mengi kuliko niliyowahi kuyaona maishani. Mengine ya zamani kuliko mimi. Garnet hakuwa ameyagusa. Alikuwa amechimba matatu tu pembeni na kufukia mbegu.

Aliniona kabla sijasema.

"Umenifuata."

"Nimekufuata."

"Baba alinionyesha mimi."

"Najua."

"Hukungoja hata nife." Akaokota jembe lake dogo. Sijui angefanya nini nalo. Alipiga hatua mbili, uso ukawa wa kijivu, akakaa chini kwenye majani kama mtu aliyekumbuka kitu.

"Mkono," akasema. Kushoto.

Mkono wake mwingine ukaingia mfukoni, ukatoka na kichupa kidogo cha vidonge vya ulimi. Nilimshika kiganja.

"Umemeza lini vya Lowell?"

"Sijameza."

"Garnet."

"Sijameza, nipe, mjinga we, nakufa."

Kama Nedra alisikia vibaya, basi namnyima kaka yangu dawa yake na atakufa mikononi mwangu, kwenye upande wa baba, na hakuna atakayeamini sikuja kwa ajili ya mizizi. Kama alisikia vizuri, nikimpa ni Denzil tena. Nilifikiria haya yote na yeye ananitazama machoni akisema nipe.

Nilimnyang'anya. Ana nguvu bado, alinikwaruza shingo. Nikakitupa kichupa chini kwenye kijito ili nisije nikabadili nia.

Nikampa aspirini, kila mfanyakazi wa msumeno anatembea nazo. "Tafuna." Akatafuna akinitukana. Nikavua koti, nikamlaza juu yake, nikamburuta. Simu haishiki kule. Niliteleza, tukabingirika pamoja mara moja. Alikuwa anasema maneno ambayo ndugu hawaambiani. Halafu akanyamaza na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Barabarani Nedra alikuwa ameshaita ambulensi. Ikiingia bonde hili kila mtu anatoka. Lowell alikuwepo, Ward alikuwepo, wake zao.

Mhudumu ni msichana mwenye nywele fupi. Akapima, akauliza, "Mzee, umemeza dawa yoyote ya nguvu za kiume? Hata ya asili, hata ya mizizi, hata asali?"

Garnet akafungua macho. Akawaona watu.

"Hapana."

"Anadanganya," nikasema. "Vidonge vya duka lile. Jana jioni."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Kicheko kifupi, kikakatika.

Msichana akanitazama shingo yangu inavyotoka damu, akamtazama Nedra.

"Mimi ni mkewe," Nedra akasema, kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Amemeza. Mwandikie hivyo."

Msichana akarudisha chupa ya kupuliza kwenye mkoba, akachukua kitu kingine, wakafunga mlango. Garnet alikuwa ananitazama hadi mlango ulipofungwa.

Novemba 3
Yu hai.

Novemba 4
Yu hai. Nedra analala kwenye kiti hospitali. Nimempelekea nguo na viatu vyake vya visigino, ndivyo nilivyoviona mlangoni. Alicheka hadi akalia. Daktari kamwambia kama Garnet angeweka kile kidonge asingefika barabarani. Pia kamwambia robo ya moyo imekufa na hatachimba wala kubeba kitu tena. Garnet hataki kuniona.

Novemba 7
Mvua ya barafu. Dukani wanasema nilimfuata kaka yangu kumwibia upande. Wanasema nilimnyima dawa afe nirithi. Ward amesema bora kumnyang'anya mtu dawa kuliko kumnyang'anya heshima mbele za watu. Wanamwita Garnet Fahali sasa, yule wa kwenye chupa. Vesta peke yake alinitetea, alimwambia Ward afunge mdomo, nami nikasikia kwa watu.

Novemba 9
Garnet karudi nyumbani.

Novemba 10
Nimepita. Nedra alisema bado.

Novemba 12
Theluji ya kwanza. Msimu wangu umekwisha. Kule kwa Garnet sijarudi na sitarudi.

Novemba 17, Jumapili
Nedra ameniita. Garnet amekaa karibu na jiko, blanketi magotini. Amekuwa mdogo. Nedra akatuachia chai, akatoka kwenda kufungia kuku.

Tulikaa.

"Ungeniacha pale," akasema. "Ningekufa mwanaume, kwenye upande wangu."

"Ungekufa."

"Watoto wadogo wananiita Fahali wakipita hapa."

"Nimesikia."

"Wewe ulisema."

"Nilisema."

Akanywa chai kidogo kidogo. Nedra alikuwa amemkatia mkate, ukakaa tu pale.

"Lowell bado anauza?"

"Anauza."

"Nani ananunua?"

Nikamtajia. Nilipofika kwa Ward alinyanyua macho.

"Ward ana kidonge cha ulimi," akasema. "Tulikwenda kwa daktari siku moja, mimi na yeye. Tulikubaliana tusimwambie mtu."

"Sikujua."

"Mwambie."

"Mwambie wewe. Ni rafiki yako."

"Mimi sitoki nje," Garnet akasema. Akageuza uso kwenye jiko, nikaaga.

Njiani nimekutana na mtu wa kiwanda. Boila imepona, wanataka watu wote saa moja asubuhi. Ward atakuwa kwenye msumeno wake na atanitukana mbele ya kila mtu. Nitamsubiri amalize, ndipo nimwambie.

Kesho narudi kazini.